Kochingi ya hesabu ya Jumamosi hapa Arua, Uganda, kwa wenye watoto wa praimari

Wazazi kadhaa wameniuliza hii kochingi ninayowapeleka watoto iko vipi na kama pesa haiendi bure, basi naandika yote hapa mara moja. Iko upande wa Ediofe, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha praimari miaka mingi, haina kibao barabarani wala jina, watu wanasema tu "kwa Madamu". Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 6, shilingi 10,000 kwa mtoto, ukileta ndugu wawili yule wa pili analipa nusu. Mimi nina binti wa P.4, yaani praimari darasa la nne, na kijana wa P.6, wote wanaenda.

Mjue mapema kwamba hapa hakuna kukaririsha pasti pepa. Kochingi za namna hiyo mjini zimejaa na tulishapitia moja, sitaitaja, mtoto anakopi maswali ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake toka ubaoni mpaka daftari linajaa, alafu nyumbani ukimbadilishia namba tu kwenye swali lile lile anabaki anakuangalia. Kwa Madamu asubuhi nzima wanaweza kufanya maswali matatu. Matatu tu! Kuna mzazi alimtoa mtoto wake kwa sababu hiyo, akasema daftari halina kitu. Mimi naona ubora wake uko hapo hapo.

Nipeni nafasi nieleze swali moja ndio mtaelewa. Mama anauza nyanya sokoni. Asubuhi ameuza thuluthi moja ya nyanya zake, mchana akauza nusu ya zile zilizobaki, jioni akahesabu akakuta 24. Alianza na ngapi? Watoto wengi wa P.6, na watu wazima pia, wanakimbilia kujumlisha thuluthi na nusu, wanapata tano juu ya sita, wanasema basi iliyobaki ni moja juu ya sita, 24 mara 6, jibu 144. Wanapiga mstari chini wanaweka kalamu. Madamu hasemi umekosa. Anamwambia mtoto haya, chukua hizo 144 zako uende nazo sokoni uuze wewe mwenyewe. Mtoto anauza thuluthi, 48 zimeenda, zimebaki 96, anauza nusu ya 96, zimebaki 48. Lakini mama alibaki na 24! Hapo mtoto mwenyewe anashtuka, hajaambiwa na mtu.

Alafu ndio wanachora. Mstatili mmoja mrefu ndio nyanya zote, unagawa vyumba vitatu, kimoja unakifuta hicho ni cha asubuhi, vimebaki viwili, nusu ya viwili ni kimoja, unakifuta nacho, kimebaki kimoja na ndani yake kuna nyanya 24. Vyumba vilikuwa vitatu, kwa hiyo 72. Hakuna kanuni yoyote ya kukariri hapo. Uchoraji wa namna hii Singapore wameufanya sehemu ya hesabu za praimari tangu miaka ya 1980, na ile nusu "ya zilizobaki" ambayo kwa maneno inawapoteza watoto, kwenye picha inaonekana kwa macho. Siku hizi kijana wangu hata kwenye homuweki ya shule anaanza na vyumba kabla hajaandika namba yoyote.

Kitu kingine kilichonigusa ni jinsi anavyowafundisha wasome swali lenyewe. Siku za mwanzo huwa anawapa hili: basi limetoka Arua kwenda Kampala na abiria 40 na mbuzi 12, dereva ana miaka mingapi? Na watoto wanaandika 52, wengi, wale wenye akili kabisa, binti yangu naye akiwemo. Msidhani ni watoto wa kwetu tu, mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble kule Ufaransa waliwapa watoto wa praimari swali la aina hiyo hiyo, kapteni wa meli yenye kondoo 26 na mbuzi 10 ana umri gani, wengi wakajumlisha wakatoa jibu. Mtoto ameshazoezwa kwamba kila swali la mwalimu lina jibu na namba zote lazima zitumike, kwa hiyo anaokota namba anatafuta tu alama ya kuweka katikati. Ndio maana kila saa wanatuuliza "Mama, hapa ni kutaimsi au kugawa?" Kwa Madamu hilo swali halijibiwi. Anakurudishia: kuna nani kwenye hii stori, anafanya nini, tunatafuta nini, tumepewa nini na nini hatujapewa.

Na anawaacha wasimulie kwa lugha yoyote, Kiswahili, Kilugbara, Kingereza, mradi wenzake waelewe. Hili kwa watoto wa P.4 ni kubwa sana jamani. Mtaala wetu P.1 mpaka P.3 wanasoma kwa lugha ya nyumbani, P.4 ndio wanaanza kuhamia Kingereza, na mwaka huo huo maswali ya maelezo yanakuwa marefu. Mtoto anaonekana hajui hesabu kumbe stori yenyewe haijamfikia. Binti yangu akishaisimulia kwa Kiswahili anaifanya.

Mpango wenyewe Madamu hakuubuni, na yeye anasema wazi, ni hatua nne za Pólya, mwanahesabu aliyezaliwa Budapest 1887, aliziandika 1945: elewa swali, tafuta njia, ifanye, rudi nyuma ukague. Zimeandikwa kwa chaki ukutani. Shule nyingi zinafundisha hatua ya tatu peke yake. Ile ya nne, ya kukagua, ndio iliyombadilisha kijana wangu kuliko zote, maana sasa akipata jibu la ajabu, mtu ana miaka 300 au chapati moja ni shilingi laki, anasimama mwenyewe anarudi juu.

Kwa wadogo maswali ni ya sokoni. Una 10,000, chungwa ni 500 na embe ni 1,000, nunua yote mawili mpaka pesa iishe, niambie njia ngapi zipo. Hapo mmoja analeta hii mwingine analeta ile, wanabishana kama tumemaliza au bado, mpaka mmoja anafikiria kuzipanga: embe 1 machungwa 18, embe 2 machungwa 16, embe 3 machungwa 14, na wanaona kila embe likiongezeka machungwa mawili yanatoka, inaishia embe 9 na machungwa 2. Njia 9, na wana uhakika hakuna nyingine kwa sababu wameona mpangilio. Binti yangu alikuja kunieleza hii mimi napika, akataka nimpe bei zingine, nikampa, akakaa chini na mkaa anachora jedwali kwenye simenti.

Saa ya mwisho ni omweso, ule mchezo wetu wa bao. Mbao zipo nne, kila moja mashimo 32 na kete 64 kama kawaida, ila sharti lake ni kwamba kabla hujagusa kete unasema kwa sauti kete ya mwisho itaangukia wapi. Ukikosea zamu inaenda kwa mwenzako. Watoto wanahesabu kichwani mpaka jasho linawatoka na hakuna anayeona kama ni somo.

Sasa kuhusu PLE, mtihani wa kumaliza praimari, maana najua ndio roho za wazazi ziko huko. Pepa ya hesabu ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, Sehemu A ina maswali 20 ya alama 40, Sehemu B maswali 12 ya alama 60. Hiyo B ndio ya maswali marefu yenye hatua nyingi, na kazi yako inaangaliwa, haitoshi jibu la mwisho. Kwa hiyo huyu mtoto anayejifunza kuchora, kueleza na kukagua anaandaliwa kwa zile alama 60. Lakini kama mtoto wako yuko P.7 term ya tatu na unataka muujiza wa wiki chache, usimpeleke, Madamu mwenyewe atakwambia hivyo, anapokea P.3 mpaka P.6 tu. Na mtoto ambaye bado hajui kujumlisha na kutoa vizuri ataumia. Wale watu wa Uwezo wanaopita majumbani kupima watoto kwa maswali ya kiwango cha P.2 wameonyesha mara nyingi kwamba wapo wa madarasa ya juu yanayowashinda, wapo hata mtaani kwetu. Huyo mfanyie kwanza hesabu za kawaida nyumbani, kwa Madamu hawarudi huko.

Kasoro zipo. Wanakaa chini ya mabati, mvua ikinyesha hamsikilizani, kazi inasimama mpaka ipungue. Watoto wanakaribia 30 na Madamu ana msaidizi mmoja, kwa hiyo mtoto mkimya anaweza kukaa asubuhi nzima hajasema kitu, wa kwangu wa P.4 alianza hivyo na ilibidi niende nimwombe Madamu amwite kwa jina, alilichukua vizuri kabisa. Ripoti ya maandishi hamna, ukitaka kujua mtoto anaendeleaje nenda wakati wa kumchukua uulize mwenyewe. Na choo ni kimoja.

Ningependa shule zetu wafanye hata nusu saa ya hivi kwa wiki, haihitaji kompyuta wala vitabu vya bei, ni chaki na maharage ya kuhesabia na mwalimu mwenye subira ya kumngoja mtoto afikirie. Darasa la watoto 80 au zaidi ni ngumu, naelewa, walimu wanabeba mzigo mkubwa kweli.

Kwa anayetaka: nenda mwanzo wa term, katikati hapokei mtu mpya. Mpe mtoto daftari lisilo na mistari, penseli na kifutio, kalamu ya wino hairuhusiwi. Chai ya saa 4 anabeba mwenyewe. Na akirudi nyumbani usimuulize amepata ngapi, mwambie akusimulie swali moja tu la siku hiyo, wewe kaa usikilize mpaka mwisho.