They Are Billions au Plague Inc.?

Sisi wacheza gemu wa hapa Nkuhungu, Dodoma, tumegawanyika kuhusu gemu hizi mbili za mazombi, yaani wafu wanaotembea. They Are Billions ya Numantian Games kutoka Hispania, iliyokamilika 2019, ni ya kujenga mji na kuulinda dhidi ya mazombi, na inataka kompyuta au konsoli, pamoja na moyo mgumu. Zombi mmoja akipenya ukuta na kuvamia nyumba moja, wakazi wake wanageuka, mtaa mzima unafuata, na kituo kikuu kikianguka hakuna kurudi nyuma. Wenzangu wanaona ni uonevu. Mimi naipenda kwa hilo hilo: kila askari unayempanga ana uzito, na unaweza kusimamisha muda ukatoa amri kwa utulivu.

Plague Inc. ya 2012, ambayo kazi yako ni kueneza ugonjwa duniani, inachezeka kwenye simu. Ukichagua kirusi cha Necroa, wewe ndiye unayesambaza mazombi. Kwa safari ya basi kwenda Singida inafaa sana, ila ile hofu haipo.