Kwa fundi yeyote: nenda ukalione garimoshi la John Bull, Washington

Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani hayatozi kiingilio. Mlangoni wanakagua mkoba, unapita. Nilifika saa nne asubuhi wanapofungua, nikaenda moja kwa moja kwa John Bull, maana ndilo lililonitoa nyumbani.

Mimi ni fundi mitambo. Nilitaka kuona kazi ya fundi mwenzangu, Isaac Dripps. Injini hii iliundwa Uingereza, kwenye kiwanda cha Robert Stephenson, ikavushwa bahari vipande vipande mwaka 1831 kwa ajili ya reli ya Camden na Amboy, New Jersey. Dripps, kijana wa miaka 21, akakabidhiwa makasha. Mchoro hakuna, maelekezo hakuna, na garimoshi lenyewe hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Akajaribisha chuma baada ya chuma mpaka injini ikasimama, ikawashwa, ikatembea. Behewa la maji halikuletwa, basi akachukua pipa la wiski akalifunga juu ya kigari, na mshona viatu wa mji wa Bordentown akashona bomba la ngozi la kupeleka maji kwenye injini. Aliyewahi kuunga mashine isiyo na kitabu chake ataelewa kwa nini miguu yangu iligoma kuondoka pale.

Zunguka uende mbele yake. Ile fremu iliyochongoka, yenye magurudumu mawili madogo, haikutoka Uingereza. Reli za Marekani zilikuwa na kona kali na zilitandikwa kwa haraka, injini ikawa inaacha njia. Dripps akaibuni fremu hiyo ili itangulie na kuiongoza injini kwenye kona. Lakini ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu, ilihitaji nafasi ya kucheza, kwa hiyo vyuma vilivyoyaunganisha magurudumu makubwa ya mbele na ya nyuma vikaondolewa, na nguvu yote ikabaki nyuma. Alipoteza nguvu ya kuvuta, akapata usalama. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa fundi aliyekomaa.

Lilistaafu kazi mwaka 1866. Mwaka 1981, lilipotimiza miaka 150, liliwashwa tena likatembea kwa mvuke wake lenyewe kandokando ya mto Potomac.

Jipe saa mbili nzima. Mimi nilipanga moja, haikutosha.