Makerere au Mlimani?

Kati ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, kwa umri Makerere ndicho kikubwa. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisomea ualimu pale. Mlimani kilizaliwa 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, sheria. Vyote viwili vilikuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi 1970, kila kimoja kiliposimama chenyewe.

Anayetaka udaktari na utafiti wa magonjwa ya tropiki, namwambia aende Kampala bila kusita. Makerere imeshikana na Hospitali ya Mulago, ambako daktari Denis Burkitt aliieleza saratani ya watoto inayobeba jina lake.

Lakini kwa Kiswahili, hakuna kama Mlimani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ile iliyochakaa kona kwenye madawati yetu, ilitungwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hiki, leo TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Walter Rodney alifundisha historia hapa, na Museveni, Mganda, akaja kusoma hapahapa. Ukumbi wa Nkrumah wa hapa ulichorwa hata kwenye noti ya shilingi 500 ya Tanzania ya mwaka 2010, ambayo sasa haitumiki tena.