Airisi za kivulini Dodoma: miche inafaa, jina ndilo tatizo

Kama unaishi Dodoma na uani una mwembe ambao chini yake hakuoti kitu zaidi ya vumbi, miche hii ya maua inayouzwa kama airisi nunua. Ila usiamini jina inalouziwa.

Yangu niliitoa kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, kiriba kimoja shilingi 3,000. Nikaambiwa ni "airisi kibete, haivuki kifundo cha mguu." Leo majani yananigusa goti. Kumbe ni Dietes, ndugu wa airisi, na kusema kweli afadhali ilivyokuwa hivyo. Airisi kibete halisi ni mmea wa watu wenye baridi. Iris reticulata kwao ni milima ya Uturuki na Iran, na Iris cristata, ile fupi inayopenda kivuli cha miti, ni ya misitu ya mashariki mwa Marekani. Zote zimezoea majira ya baridi kali ndipo zichanue vizuri. Sisi huku Julai tunavaa makoti alfajiri, lakini kwa mimea hiyo bado ni joto tu. Kwa hiyo anayekuuzia za kuagiza mtandaoni, muulize kwanza atazipatia wapi baridi.

Dietes iridioides haina makuu. Inaota yenyewe kwenye misitu na kingo zake, kuanzia Ethiopia, kupitia kwetu Tanzania, hadi Afrika Kusini. Kivuli ndio nyumbani kwake. Shina lake hutambaa ardhini mithili ya tangawizi, na kila mwaka shada linanenepa.

Nilipanda mafungu mawili. Yaliyo karibu kabisa na shina la mwembe yana majani mazuri, ya kijani kilichokolea, ila maua ni ya kuhesabu. Yaliyo ukingoni mwa kivuli, yanapopata jua la asubuhi, ndiyo yanayonifurahisha. Ua ni jeupe, lina madoa ya manjano kwenye petali tatu za nje, na katikati limesimamisha vipande vya zambarau. Linafunguka asubuhi, jioni limeshajikunja, basi. Usikasirike ukakata bua lake: bua hilohilo hutoa maua tena na tena. Jirani yangu aliyakata mabua yake yote ili bustani "ipendeze", na sasa anachungulia maua yangu.

Shida kubwa ni maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mti mkubwa hauna huruma, unakunywa kabla ya wengine. Wanasema Dietes inavumilia ukame, na ni kweli ikishashika mizizi. Kabla ya hapo usiiache. Mimi nachimba shimo pana, nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza, halafu nafunika kwa matandazo. Maji ya kuoshea mboga yote yanaishia pale. Matandazo yasigusane na mmea, maana mchwa wa Dodoma wakishajenga njia zao za udongo juu ya majani makavu hawaishii hapo.

Kuhusu huduma, bodaboda alileta viriba vikiwa vimesimama na udongo haujamwagika, jambo ambalo si la kawaida. Lakini baadhi ya miche ilikuwa imegawanywa juzijuzi tu, ukiivuta kidogo inachomoka mzima mzima. Nikapiga picha, nikatuma, wakanibadilishia bila maneno mengi. Wewe vuta kwanza, taratibu, ndipo ulipe.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku watakapoandika jina sahihi kwenye kibao. Nunua mvua zikikaribia, na kama kuku wako wanazurura, zungushia wavu siku hiyohiyo, kwa sababu samadi na matandazo ndiyo mahali wanapopenda kuchakura kuliko pote.