Bad Monkey ya Carl Hiaasen: mkono wa maiti ndani ya friza

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo nimekishika hiki hapa, ngoja nikisogeze mlione jalada. Kinaitwa Bad Monkey, cha Carl Hiaasen, kilitoka 2013. Najua wapo miongoni mwenu walioitazama tamthilia yake ya 2024, ile aliyoigiza Vince Vaughn, na swali lao ni moja: hadithi nishaijua, kitabu cha nini tena? Mimi nasema kisome, na sababu yangu ni kazi aliyokuwa akiifanya huyu mwandishi.

Hiaasen ni mzaliwa wa jimbo la Florida, Marekani, 1953. Aliingia gazeti la Miami Herald mwaka 1976, na kuanzia 1985 mpaka 2021 alikuwa na safu yake humo. Humo aliwaandama wanasiasa wala rushwa na matajiri wanaofukia vinamasi ili wapandishe majumba ya kuuza. Sasa, safu ya gazeti haina nafasi ya kuzunguka. Useme nani kafanya nini, wapi, na nani kalipwa, kisha nafasi imekwisha. Tabia hiyo kaihamishia kwenye riwaya nzima nzima.

Sikilizeni inavyoanza. Watalii wako kwenye fungate, wametoka na boti kuvua samaki huko Florida Keys, visiwa vya kusini mwa jimbo hilo. Ndoano inanasa kitu kizito. Kuvuta, ni mkono wa mtu, kidole cha kati kimesimama wima! Mwandishi mwingine hapo angetuletea damu na ving'ora. Hiaasen anatupeleka ofisini kwa mkuu wa polisi, anayewaza jambo moja tu: watalii wakisikia, itakuwaje? Anamwita mpelelezi Andrew Yancy na kumwambia aupeleke mkono huo kwa polisi wa Miami, iwe kesi yao. Yancy anaupakia kwenye boksi la barafu, anaendesha mpaka Miami, na Miami hawautaki. Anageuza gari, anarudi na ule mkono. Unaishia kwenye friza ya nyumbani kwake.

Nilicheka mpaka nikakiweka kitabu chini. Halafu nikatulia nikafikiri: huyu ni binadamu aliyekufa, na kila ofisi inamsukumia mwenzake. Kicheko chote cha kitabu hiki kinatoka hapo, na mtu aliyeripoti habari za ofisi kwa miaka mingi ndiye anayeweza kukiandika hivyo.

Yancy mwenyewe ni mpelelezi aliyeshushwa cheo kwa kumshambulia mume wa hawara yake, tena hadharani, kwa mashine ya kufyonza vumbi. Adhabu yake ni kukagua mikahawa. Anahesabu mende na kinyesi cha panya jikoni, mpaka hamu ya kula inamtoka. Kama unapenda kula nje, sura hizo zisome ukiwa umeshashiba.

Lakini sehemu niliyoipenda kuliko zote haihusu mauaji. Jirani yake anajenga jumba la kuuza, refu kupita kiasi, linalomziba Yancy asilione jua likizama. Yeye anaishi Big Pine Key, kisiwa chenye wale kulungu wadogo wasiofika hata mita moja begani, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Florida Keys. Kwa hiyo anaanza vituko vya kuwafukuza wanunuzi, kimoja baada ya kingine. Hapo unamsikia mwandishi mwenyewe, mtu aliyeona kwao kunajengwa mpaka basi. Sipendi kumtetea anayeharibu mali ya mwenzake, lakini nilimwombea Yancy afanikiwe.

Kinapopwaya ni hadithi inapovuka ng'ambo, visiwa vya Bahamas. Neville, mvuvi wa kisiwa cha Andros ambaye ardhi ya familia yao imeuzwa na dada yake, amechorwa kwa heshima, na nilimhurumia kweli. Tumbili wa kwenye jina la kitabu ni wake, alimpata kwa kushinda mchezo wa domino. Ila yule mama mchawi anayeitwa Dragon Queen ni kinyago tu. Florida Hiaasen anaijua mtaa kwa mtaa. Ng'ambo ya maji kalamu yake inapungua makini, na inaonekana. Wanawake nao, karibu wote, anatuonyesha umbo lao kwanza. Hilo limenikera tangu mwanzo hadi mwisho.

Kina kurasa zaidi ya 300, Kiingereza chake ni cha mtaani na chenye kasi. Kama ndio unaanza kusoma riwaya za Kiingereza, kitakutoa jasho kurasa 30 za kwanza, kisha kinafunguka. Muuaji usihangaike kumtafuta, fumbo lake mimi nililigundua mapema na bado sikuchoka.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Wiki ijayo nakuja na Tourist Season ya 1986, riwaya ya kwanza aliyoiandika peke yake, na humo ndani mhalifu ni mwandishi wa safu gazetini.