Jumamosi Champion Hill: Dulwich Hamlet kwa Macho ya Mtu wa Tanga

Kwa sisi tuliolelewa na vibanda umiza, soka ya Uingereza maana yake ni Ligi Kuu basi, na rafiki aliponialika kusini mwa London kuitazama timu ya daraja la saba nilihisi ananipeleka kwenye chandimu. Baada ya kwenda mara kadhaa, Dulwich Hamlet ndiyo timu pekee ninayoilipia kiingilio pasipo kunung'unika.

Uwanja wa Champion Hill uko karibu na kituo cha treni cha East Dulwich, na barabara ya kuuendea inaitwa Edgar Kail Way. Kail alikuwa mshambuliaji wa klabu hii, iliyoanzishwa mwaka 1893, na mwaka 1929 aliichezea timu ya taifa ya Uingereza akiwa bado mchezaji wa ridhaa, akawafunga Wafaransa mabao mawili katika mechi yake ya kwanza. Peter Crouch naye alipita hapa kwa mkopo mwaka 2000, kabla dunia haijamfahamu.

Ubora wa mchezo wenyewe haupaswi kutiwa chumvi: mabeki hubutua, pasi tatu zikifuatana hupigiwa makofi, na anayetafuta ufundi abaki na king'amuzi chake. Kinacholipa ni ukaribu. Mashabiki, wengi wao wamevaa skafu za waridi na buluu iliyokoza, husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia, na wakati wa mapumziko huhama wote kwenda upande wa pili, kikombe mkononi. Ukisimama hapo unamsikia kipa akiwafokea mabeki wake na unausikia mguu unavyogonga mpira. Siku moja mpira ulitoka nje ukaja miguuni kwangu, nikaurudisha, na beki wa pembeni akanishukuru kabla ya kuurusha. Uwanja wa Mkwakwani kule Tanga nimekwenda tangu utotoni na jambo hilo halijanitokea.

Uaminifu wa mashabiki hao una historia yake. Mwaka 2018 mgogoro na mwenye ardhi uliifukuza timu uwanjani, ikalazimika kucheza kwenye uwanja wa majirani zao wa Tooting & Mitcham, na huko huko ugenini ikapanda daraja kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Hendon, ndipo ikarejea nyumbani Desemba mwaka huo. Mwaka 2023 ilishuka tena hadi ligi ya Isthmian, kwenye hilo daraja la saba, na nyimbo nyuma ya goli zikaendelea kama kawaida.

Jukwaa kuu lina viti na paa, lakini ningemshauri mgeni asimame nyuma ya goli, mradi avae koti zito. Mimi mara ya kwanza nilikwenda Januari na koti jepesi la kuendea harusini, na kipindi chote cha pili nilikitazama huku nimekikumbatia kikombe cha chai.