Niliripoti kasoro ya mfuko wa hewa, nikaulizwa kama gari linatembea

"Mama, kwani gari halitembei?"

"Linatembea."

"Sasa shida iko wapi?"

Hayo ndiyo mazungumzo yangu na kijana wa mapokezi katika karakana ya wakala wa magari jijini Dar es Salaam, baada ya mimi kupanda basi Lindi alfajiri, kukaa kitini siku nzima, kulala kwa ndugu Mbagala na kufika kaunta kwake asubuhi mapema nikiwa na bahasha ya karatasi mkononi. Sitaitaja karakana hiyo kwa jina. Ninachoandika hapa ni yale yaliyonipata mimi tangu nilipogundua kwamba gari langu limo katika orodha ya magari ambayo mtengenezaji ameyaita yarudi kwa ajili ya kubadilishiwa kifaa cha hatari, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kila nikikumbuka swali lile hasira hunirudia upya.

Gari langu ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na umri wake sasa umepita miaka 15. Sikulinunua kwa anasa. Mama yangu anaumwa magoti, na karibu kila mwezi ninampeleka kliniki Ndanda. Kupanda daladala hawezi, na hata kwenye gari dogo kiti cha nyuma humtesa kwa sababu miguu haipati pa kunyooka. Kwa hiyo miaka yote amekaa mbele, pembeni yangu, na ana desturi moja ambayo sikuwahi kuitilia maanani: tukifika Mnazi Mmoja na kukata kuelekea Mtama, kila lori la korosho linapotujia kwa kasi, yeye huweka viganja vyote viwili juu ya dashibodi, kana kwamba anaizuia gari isiende. Mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofutuka gari linapogonga ili kumkinga mtu, umekaa chini ya viganja hivyo hivyo.

Niligundua kwa bahati, na neno hilo "bahati" ndilo linaloniuma. Taa nyekundu ya mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi, iliwaka ikakataa kuzimika. Fundi wa kwanza hapa Lindi aliniambia, "Madam, hiyo taa naichomoa tu, mbona magari mengi yako hivyo." Nilikataa. Fundi wa pili alikuta ni soketi ya waya iliyolegea chini ya kiti cha dereva, akaibana, taa ikazimika. Lau ningeishia hapo nisingejua lolote, maana taa ile haihusiani kabisa na kasoro ninayoieleza. Kifaa kibovu cha aina hii kinaweza kukaa kimya miaka mingi bila kuwasha taa yoyote. Ni mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta aliyeniambia nisitosheke, akachukua kadi ya gari, akaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji iliyo kwa Kijapani, na simu yake ikatutafsiria. Zilitoka safu mbili, moja kifaa cha kujaza mfuko wa dereva, ya pili cha abiria. Pembeni ya kila moja paliandikwa kwamba kazi haijafanyika.

Usiku ule nilisoma hadi macho yakaniuma. Kisa kinachojulikana zaidi duniani kuhusu mifuko ya hewa ni cha kampuni ya Takata ya Japani, ambayo vifaa vyake viliitwa virudi kwa wingi kuliko bidhaa yoyote katika historia ya magari, takriban milioni 67 kwa Marekani pekee, hadi kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Baruti iliyotumika kuujaza mfuko ilikuwa ya amonia nitrati. Ikikaa miaka mingi mahali penye joto na unyevunyevu huharibika, na gari linapogonga, hata kama si ajali kubwa, huwaka kwa nguvu kupita kiasi, na kikopo cha chuma kinachoibeba hupasuka. Vipande vya chuma hupenya kitambaa cha mfuko na kumwendea mtu usoni na shingoni. Nchini Marekani peke yake watu zaidi ya 20 wameuawa hivyo, na kifaa kilichowaua kiliwekwa ili kiwaokoe. Marekani waliyapanga magari kwa kanda za hali ya hewa, wakayatanguliza ya maeneo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Niliposoma hapo nilitazama nje dirishani. Anayeijua Lindi anajua shuka linavyokuwa hapa asubuhi ya Februari, na anajua gari lililoegeshwa juani karibu na bahari linavyochemka ndani. Kama Florida ilistahili kutangulizwa, sisi wa pwani hii tunasubiri nini?

Basi nilipofika kaunta ile nilikuwa na nakala ya kadi ya gari, karatasi ya tovuti iliyotafsiriwa, picha ya namba ya chesisi, na barua niliyoiandika mwenyewe. Kijana hakusoma hata moja. Aliuliza risiti ya kununulia gari kwao. Nilipomweleza kwamba gari niliagiza kutoka Japani kama Watanzania wengi wanavyofanya, alizirudisha karatasi zangu kwa kidole kimoja, akaniambia, "Hilo si la kwetu, mwone aliyekuuzia." Kisha akavuta kitabu cha wageni ili aandike kwamba nimefika. Palikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya namba ya gari, na nafasi iliyoandikwa "Tatizo". Nikiwa nimesimama upande wa pili nilisoma alichoandika kwa kukipindua machoni: "Hakuna."

Nimefundisha shule za sekondari miaka mingi na nimezoea kuvumilia vijana, lakini neno lile sikuweza kulivumilia. Niliichukua kalamu mkononi mwake, nikalikata neno "Hakuna", nikaandika "Mfuko wa hewa wa dereva na wa abiria, kasoro iliyotangazwa na mtengenezaji", nikatia sahihi. Nilimwambia, na ninarudia hapa, kwamba wito wa namna hii haumfuati mnunuzi wala risiti, unafuata chesisi. Japani mwenye gari hupata barua ya kumwita, kwa sababu usajili unaonyesha gari liko kwa nani. Gari likiuzwa nje ya nchi hufutwa katika usajili huo, na cheti cha kufutwa ndicho tunachopokea sisi pamoja na gari bandarini. Kuanzia siku hiyo barua haina pa kumtafuta mwenye gari. Haifiki Lindi, wala Mtwara, wala Masasi. Anayetakiwa kuziba pengo hilo ni mwenye nembo ile ile iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Na sikwenda kuomba hisani: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu inayohusu usalama wa bidhaa, na suala la kurudishwa kwa bidhaa zenye kasoro limo humo.

Kama ningeandika siku ile, ningesema asiende mtu pale, tena ningesema kwa maneno makali kuliko haya. Lakini haki inanilazimu kueleza kilichofuata. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mzee mmoja mwenye ovaroli ya bluu akatoka karakana akifuta mikono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba karatasi. Alizisoma zote akiwa amesimama, hata ile barua, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hii haihitaji risiti. Tunaangalia chesisi, tunaagiza, ukija tunabadilisha, hulipi." Akanipa kiti. Aliingiza namba yangu kwenye mfumo wao mwenyewe, akapata majibu yale yale ya Kijapani, akanipa karatasi yenye mhuri na namba ya simu ya kumpigia. Kazi yote ilimchukua dakika kumi, na mpaka leo sielewi ni kwa nini dakika hizo kumi zilihitaji ugomvi kwanza.

Walinipigia baada ya mwezi na ushei. Niliendesha gari mwenyewe, taratibu, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa, mikono yangu ikiwa mbali na katikati ya usukani kadiri nilivyoweza, ingawa najua hilo lisingenisaidia kitu. Upande wa dereva walibadilisha chini ya saa mbili, bure kabisa. Yule mzee alinionyesha kifaa cha zamani kabla hakijafungwa kwenye boksi: kikopo cha chuma cha duara, mfano wa kopo la dawa ya viatu, ila kizito. Hakinuki, hakina kutu, hakina ufa. Mtu angekiona angesema kizima. Nilimshukuru sana mzee yule na bado namshukuru, na siku ile nilikuwa tayari kuwapa nyota nne za huduma.

Leo siwezi. Kifaa cha upande wa abiria hakikuwepo. Niliambiwa kimeagizwa. Nimepiga simu mara nyingi kiasi kwamba kijana wa mapokezi ananitambua kwa sauti, na jibu ni lile lile, "Bado, mama, tutakutaarifu." Labda kosa si lao, labda vipuri vimeadimika kweli, na mzee ameniambia hivyo nami namwamini. Lakini mbona waliniita nisafiri kilomita zaidi ya 400 wakijua wana upande mmoja tu? Barua niliyoipeleka katika ofisi moja ya serikali, nikiomba wenye magari ya aina hii mikoa ya kusini watangaziwe redioni, ilipokelewa na kugongwa mhuri. Sijapata jibu. Nilimwandikia pia mtengenezaji huko Japani kwa barua pepe, wakanijibu kwa adabu kwamba niwasiliane na wakala wa nchi yangu.

Kwa hiyo nyota mbili, zote za yule mzee, na pengine nitaongeza moja siku kazi ikikamilika, pengine sitaongeza.

Mwenye gari la mtumba asisubiri kuitwa. Namba ya chesisi imo kwenye kadi ya gari. Asihangaike na tovuti za Marekani, kwani zinadai namba yenye herufi na tarakimu 17, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati ambayo hazitaipokea. Aende kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji mwenyewe. Pale shuleni kwetu tuliangalia magari ya walimu yote, na mawili zaidi yamekutwa na kazi ambayo haijafanyika. Mmoja wa wenye magari hayo humpeleka mtoto wake chekechea kila asubuhi, na mtoto hukaa mbele.

Juzi nilimpeleka mama Ndanda. Sasa anakaa nyuma, ameweka mto chini ya goti la kulia na mguu ameunyoosha juu ya kiti chote, na njia nzima aliguna kila tulipopita tuta. Hakulalamika, maana nilimweleza sababu. Tulipokutana na lori baada ya Nyangao nilimtazama kwenye kioo, nikaona ameinama mbele, viganja vyote viwili ameviweka kwenye mgongo wa kiti kitupu.